Maji ya Mfongo na Simu ya Mwanafunzi

Vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na wanaosomea udaktari KCMC wanaihitaji simu. Kwa simu hupokea masomo na fedha za matumizi kutoka nyumbani. Basi tusiseme simu ni dhambi. Lakini kijana anayekesha akitazama maisha ya wengine huamka amechoka, na moyo humwambia kwamba yeye peke yake ameachwa nyuma.

Wazee wetu wa Kichagga walichimba mifongo kuleta maji ya mlimani vihambani. Maji yalikuwa baraka, lakini yalikwenda kwa zamu. Zamu ikiisha, yalifungwa. Maji yasiyofungwa hubeba udongo na kuozesha mizizi. Simu nayo yataka zamu. Bwana Yesu mwenyewe alijitenga na makutano waliomtafuta, akaenda mahali pa faragha kuomba.

Hata hivyo, kabla ya kumwambia kijana azime simu, tujiulize: akiizima, atazungumza na nani? Mara nyingi upweke ndio uliomkimbizia huko. Tumkaribishe nyumbani baada ya ibada, tule naye, tumsikilize. Na simu zetu sisi wazazi zikae mfukoni.