Kijito Kilichorudi na Watu Wasiorudi

Yapo maswali ambayo mwanafalsafa huyasoma kitabuni na mtu wa kawaida huyakuta njiani mwake. Miongoni mwayo ni hili: dhulma iliyojengwa kwa zege, ikibomolewa, je, huwa imeondoka? Aliyeibiwa akarudishiwa mali yake hupata haki, au walau sehemu kubwa ya haki. Ama mtaa uliokatwa na barabara, wakaazi wake wakatawanyika, kisha baada ya miaka thalathini au arubaini barabara ile ikavunjwa na pahala pake pakapandwa miti, mtaa huo umerudishiwa nini? Na aliyerudishiwa ni nani?

Swali hili limepata uzito kwa kuwa miji kadhaa ya ulimwengu imekuwa ikizivunja barabara kubwa ilizozijenga kifuani mwake katika karne ya ishirini. Portland, katika Marekani, iliifunga barabara yake ya ukingoni mwa mto Willamette mwaka 1974, na ukingo ule ukafanywa bustani. San Francisco iliibomoa barabara ya juu ya Embarcadero kuanzia 1991, baada ya tetemeko la ardhi la 1989 kuitia nyufa. Wakati huohuo miji mingine ingali inajenga. Nairobi ilifungua barabara yake ya mwendo kasi ya kilomita 27 mwaka 2022. Mji mmoja unakula tunda ambalo mwengine unalitapika. Lakini hapana mji uliolionesha swali hili kwa uwazi zaidi kuliko Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, na kijito chake kiitwacho Cheonggyecheon.

Kijito hicho, chenye urefu wa kilomita zipatazo 11, kinapita katikati ya mji kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa karne nyingi wafalme wa Korea walikichimba na kukizoa tope ili kisifurike. Wanawake walifulia nguo ndani yake. Mwandishi Pak Taewon, aliyeandika riwaya ya maisha ya kandoni mwa kijito hicho katika miaka ya 1936 na 1937, aliifungua riwaya yake kwa wanawake hao na mazungumzo yao. Ilipokwisha vita ya 1950 hadi 1953, wakimbizi waliojaa Seoul walijenga vibanda vyao ukingoni, na maji yakawa machafu kama ilivyo ada ya maji ya maskini wasiopewa mifereji. Kuanzia 1958 serikali ilikifunika kijito kwa zege. Baina ya 1967 na 1971 ikajengwa juu ya zege hilo barabara ya pili iliyosimama kwa nguzo. Wakaazi wa vibanda waliondolewa. Baadhi yao walipelekwa nje ya mji, mahali ambapo leo ni Seongnam, kwenye ardhi isiyo na maji wala kazi, na mwezi wa Agosti 1971 watu wa huko waliinuka kwa maandamano makubwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kila barabara ya mjini ni hukumu kabla ya kuwa njia. Inamhukumia apitaye dhidi ya akaaye. Inasema kwamba dakika kumi za mtu wa mbali zina thamani kuliko dirisha, kisima na jirani wa mtu wa karibu. Hukumu hiyo yaweza kuwa ya haki au isiwe. Lakini aghalabu husomwa kwa lugha ya maendeleo, na aliyehukumiwa haambiwi kwamba palikuwa na kesi.

Chini ya barabara ile, kando ya zege lililofunika maji, lilikuwapo soko la nguo la Pyeonghwa, jina lenye maana ya Amani. Ndani yake wasichana wengi, baadhi yao watoto, walishona mchana kutwa na sehemu ya usiku katika vyumba vyenye dari fupi na vumbi la pamba. Kijana mmoja fundi wa nguo, Jeon Tae-il, aliisoma sheria ya kazi ya nchi yake, akaona kwamba haki zote zimeandikwa na hapana hata moja inayotekelezwa. Baada ya malalamiko yake kupuuzwa, tarehe 13 Novemba 1970 alijitia moto mbele ya soko hilo, akafa akiwa na umri wa miaka 22. Nchi ilikuwa ikijivunia kasi ya magari yaliyopita juu. Waliokuwa chini walishona bila ya kuliona jua.

Miaka zaidi ya thalathini ikapita. Nguzo zikaanza kuoza, na gharama ya kuzitengeneza ikawa kubwa. Lee Myung-bak, aliyechaguliwa kuwa meya wa Seoul mwaka 2002, aliahidi kuibomoa barabara na kukifunua kijito. Kazi ilianza Julai 2003, na maji yakafunguliwa tarehe 1 Oktoba 2005, katika urefu wa kilomita 5.8. Wengi walitabiri kwamba mji ungesongwa na magari. Haikuwa hivyo. Mwaka 2004 mabasi ya mji yalipangwa upya, watu wakabadilisha njia na saa zao za safari, na sehemu ya magari yale ikapungua tu. Ikadhihirika kwamba lile lililoitwa dharura kwa miaka thalathini lilikuwa pia mazoea.

Faida za kijito kilichofunuliwa hazikanushiki. Hewa ya ukingoni mwake ni ya baridi zaidi wakati wa kiangazi kuliko ya mitaa ya jirani. Samaki na ndege wamerudi. Mtu asiye na senti mfukoni hushuka ngazi, akavua viatu na kutia miguu majini, na hapana anayemtoza kiingilio. Mwenye kudharau neema hiyo kwa sababu ya kasoro zake angekuwa hana insafu.

Lakini lipo upande wa pili. Pembezoni mwa barabara ile walikuwapo wachuuzi wengi, waliouza vyuma, vitabu vikuukuu, nguo za mtumba na vyakula. Kivuli cha barabara, kibaya kwa kila mwengine, kilikuwa kwao paa. Walipoambiwa waondoke walipinga. Mamia kati yao walipelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun uliokuwa umeacha kutumika. Hawakukaa sana. Uwanja huo nao ulifungwa 2007, ukavunjwa ili pajengwe jumba la sanaa na ubunifu lililofunguliwa 2014, na wachuuzi wakahamishwa tena. Waliokuwa na vibanda waliondolewa ili barabara ijengwe; waliokuwa na meza waliondolewa ili barabara ivunjwe. Kwa anayebeba mzigo wake begani, nyundo ya kujenga na nyundo ya kubomoa zina mlio mmoja.

Atasema mtetezi wa miji: hapana mji unaoweza kungoja ridhaa ya kila mtu, kijito kinawatuliza mamilioni, na wachuuzi walikuwa mamia tu. Hoja hii ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Ila inasahau kwamba ndiyo hoja ileile iliyoijenga barabara. Hapo mwanzo nako walisemwa wengi wapitao dhidi ya wachache wakaao. Ikiwa hesabu ile ilikuwa dhulma mwaka 1967, haiwezi kugeuka uadilifu mwaka 2003 kwa sababu tu kinachopita sasa ni maji. Wema wanaoupata wengi haulipi deni la wachache. Deni hulipwa kwa mdai, na mdai ana jina lake na makaazi yake.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na Cheonggyecheon ni shahidi wao. Chemchemi za zamani zilikuwa zimekwisha kukatwa na mji. Maji yapitayo pale huvutwa kwa pampu, mengi kutoka mto Han, kiasi cha tani 120,000 kwa siku. Mji umepata kijito kipya katika kaburi la kijito cha zamani. Jambo hilo si aibu. Aibu ingekuwa kuliita marejeo na kudai kwamba hesabu imefungwa.

Insafu inataka pia kuutaja mfano wa Oakland. Huko, mwaka 1957, barabara ya juu ya ghorofa mbili iliupasua mtaa wa West Oakland, uliokuwa makaazi ya Wamarekani weusi. Tetemeko la 1989 liliiangusha, wakafa humo watu 42. Wenyeji walikataa isijengwe tena vichwani mwao, wakasikilizwa. Njia mpya ikapitishwa kando, na pale pa zamani pakawa na barabara ya chini yenye miti, iliyopewa jina la Mandela. Hapo angalau waliotendewa ndio waliosema. Hata hivyo, Wamarekani weusi waliokuwa zaidi ya wanne katika kila wakaazi kumi wa Oakland mwaka 1990, walikuwa kama wawili katika kumi mwaka 2020. Barabara haikuwa sababu pekee ya hayo, wala kuondolewa kwake hakukuwa sababu pekee. Ila funzo ni kwamba mtaa ukipendeza bila ya wenyewe kuwa na hakika ya kodi ya nyumba zao, uzuri nao huwa mtoaji wa notisi.

Msomaji wa Unguja hana haja ya kusafiri mbali ili afahamu jambo hili. Mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa kidogo kidogo katika zama za ukoloni, na barabara ikapita palipokuwa na maji. Maji yalikwenda, daraja likaenda. Darajani na Ng'ambo yakabaki majina. Maana hata baada ya kufukiwa kile kilichotenga, watu waliendelea kujua nani ni wa upande gani. Ardhi ilisawazishwa kwa udongo, na kumbukumbu haikusawazishwa. Lau kesho angetokea mwenye kutaka kuyarudisha maji yale kwa ajili ya uzuri, la kwanza la kumuuliza lingekuwa juu ya wauzao na wanunuao pale leo.

Basi mji mwadilifu ni upi? Ni ule unaohesabu watu kabla ya kuhesabu gharama ya nyundo. Unaowaandikia haki ya kurudi waliohamishwa, na kuitimiza kabla ya sherehe ya ufunguzi. Unaojua kwamba aliyekosewa mara moja asihamishwe mara ya pili kwa jina la kutengeneza kosa. Hayo si magumu kuyafahamu. Ugumu wake ni kwamba hayaonekani katika picha.

Seoul iliacha nguzo tatu za barabara ile zisimame ndani ya kijito, na juu ya daraja moja likawekwa sanamu la Jeon Tae-il. Wapitao huziona nguzo, na wengine husimama mbele ya kijana yule wa shaba. Wachuuzi wa vyuma na vitabu vikuukuu hawana nguzo wala sanamu. Baadhi yao waliendelea kuuza katika soko walilopelekwa, wakingoja wateja waliozoea kuwakuta kwengine.