Nafasi ya Nani?

Mwezi uliopita kompyuta yangu ilikataa kupokea hata ukurasa mmoja zaidi. Diski imejaa. Mjukuu wangu, mwanachuo hapa Dodoma, akasema, "Babu, tufute haya mabarua ya zamani." Nikamshika mkono.

Mwaka 1991, nikiwa Mkuu wa Chuo cha ualimu, stoo yetu ilijaa rejesta na majalada yaliyokwisha kuonjwa na mchwa. Tulitaka mahali pa kuweka mahindi ya wanachuo, nikaagiza yachomwe. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Miaka kumi na mitatu baadaye akanijia mwalimu aliyekaribia kustaafu. Cheti chake kiliungua pamoja na nyumba. "Shikamoo Mkuu. Jina langu si limo katika rejesta?" Nilimwandikia barua ya kuthibitisha kwamba nilimfundisha. Haikupokelewa. Nilikuwa nimejipatia nafasi kwa kutupa mali ya mtu mwingine.

Je, ndugu msomaji, tutunze kila kitu? La hasha. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haikatazi kuteketeza. Inakataza kuteketeza bila idhini. Lakini kompyuta ya mstaafu haina wa kutoa idhini ila mwenyewe, na hapo ndipo penye hatari.

Basi tukatazama kwanza ni nini hasa kilichojaza diski. Barua zangu zote za miaka ishirini hazikufikia uzito wa video moja ya harusi, na video hiyo ilikuwamo mara nne! Tulifuta tatu.

Mjukuu akanituliza kwamba kila kitu kimo pia mtandaoni. Nikamwomba afute faili moja lisilo na maana, kisha atazame huko. Nako lilikuwa limetoweka. Hicho ni kioo, si akiba. Mama yangu alitundika kibuyu cha mbegu za mtama juu ya moshi wa jiko, na kingine alikiweka kwa shangazi, kijiji cha pili, maana paa la udongo la tembe likilowa sana huanguka. Wajerumani, mwaka 1916, walizifukia nyaraka zao ardhini huko Tabora. Zilifukuliwa baada ya vita, na zilizosalia zimo katika Nyaraka za Taifa; lakini mtu mwenye akili hategemei bahati ya namna hiyo. Nimenunua diski ya nje, nikanakili, nikampelekea binti yangu Singida.

Limebaki faili moja. Ni taarifa niliyoichapa upya mwenyewe, ya kijana tuliyemfukuza kwa wizi mwaka 1983. Leo ni babu anayeheshimika katika kijiji chake, na wajukuu wake wanasoma. Nikilifuta, ninarudia kosa la 1991. Nikilitunza, na nakala iko Singida, nitakufa nimewaachia wengine aibu yake. Faili lenyewe ni dogo mno, halirudishi nafasi yoyote. Mjukuu huniuliza kila anapokuja kama nimekwisha kuamua.