TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Hodi kwa mpangaji wako



Ndugu yangu mwenye nyumba, leo tuongee mimi na wewe. Una vyumba vya kupangisha hapa Vwawa, kodi ya miezi sita umeshapokea, ufunguo wa akiba unao mfukoni. Mpangaji yuko kazini, mkewe yuko ndani anaandaa futari. Unafungua, unaingia. Ukiulizwa, jibu lako moja tu: "Kwani si nyumba yangu?"

Kuta ni zako, sawa. Lakini katika ijara umeuza manfaa, yaani kule kukaa humo. Ukishapokea kodi, manfaa hayo ni ya mwenzio mpaka muda wake uishe. Suratun-Nur aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila kuomba idhini na kutoa salamu. Utasema hiyo inahusu nyumba za watu. Haya, shuka mpaka aya ya 58. Pale hata watoto wadogo wa humo humo ndani wanatakiwa waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Mtoto yuko kwao, halipi kodi, na bado anabisha hodi. Sembuse wewe? Kinacholindwa hapo ni sitara ya aliye ndani, si hati ya kiwanja.

Sheria ya nchi nayo iko huko huko. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na maskani yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mpangaji aachwe akae kwa utulivu.

Ajabu ni kwamba yule yule anayeingia bila kuitwa, akiitwa kuziba bati haonekani. Mvua hizi watu wanaamka kula daku huku wanahamisha godoro. Choo kimejaa, umeambiwa tangu Rajabu, unajibu: "Kama hupataki, hama." Wanazuoni wameeleza kuwa matengenezo ambayo bila hayo nyumba haikaliki ni juu ya mwenye nyumba. Sasa kodi umechukua nzima, nyumba umetoa nusu. Ile nusu nyingine unaila kwa haki gani? Mchana kutwa tunajizuia maji ya halali, halafu magharibi tufuturu kwa pesa yenye shaka?

Nawe mpangaji, nyumba hiyo ni amana. Ukiona ufa, sema mapema. Mwenye nyumba akiomba kuja kukagua, mpe siku na saa, usimkwepe. Fundi akija, mfungulie.

Kazi ya leo ni ndogo. Kabla ya futari, mwenye nyumba, mpigie mpangaji wako umuulize: "Nije lini nilione lile bati?" Kwa simu hiyo moja utakuwa umeomba idhini na umeanza kutengeneza.

Allah atutakasie rizki zetu na azikubali funga zetu. Aamin.