Adabu za Kuhama Wawili

Barua ya uhamisho huandikwa jina moja. Anayeipokea amepanda cheo, au amepata kazi aliyoiomba muda mrefu, na watu humpa mkono wa hongera. Yule anayelala naye kitanda kimoja hana jina kwenye karatasi ile, ingawa ndiye atakayefunga vyombo, atakayewaaga wateja wake, na atakayeamka katika mji ambao hajui hata duka la kununulia chumvi. Kwa hiyo nasaha hizi nawaandikia nyote wawili, lakini mengine yatamhusu aliyeitwa na mengine yatamhusu anayefuata. Na neno langu kubwa nalitanguliza: mji wa kuhamia upimwe kwanza kwa macho ya anayefuata. Aliyeitwa anakwenda akiwa tayari na kazi, na wenzake wa kusalimiana nao asubuhi, na mshahara mwisho wa mwezi. Hata mji ukiwa mgumu, yeye una pa kumpokelea.

Tuanze na namna ya kuifikisha habari. Wewe uliyeitwa, mwenzako awe mtu wa kwanza kusikia. Asisikie kwa mama yako, wala kwa shemeji, wala kwa mfanyakazi mwenzako aliyepiga simu kupongeza. Usimwambie mbele ya wageni, maana mbele ya wageni hana jibu ila kutabasamu na kushukuru Mungu. Kaeni wawili, watoto wakiwa wamelala, umwambie kwamba umeitwa Dodoma au Mwanza, hujajibu, na unataka kumsikia yeye kabla ya kujibu. Na iwe kweli hujajibu. Wapo wanaotia saini asubuhi na kuomba ushauri jioni. Mwenzako ataiona tarehe kwenye karatasi siku moja, na tangu siku hiyo kila ushauri utakaomwomba atauona ni wa kupita tu.

Kisha mpe siku. Anayeswali istikhara aswali, anayefunga na kuomba afunge. Lakini dua isiwe mahali pa kujifichia usimuulize mtu aliye mbele yako anaogopa nini.

Akianza kusema, msikilize anachopoteza, kwa sababu hasara ya anayefuata haionekani kwenye hati ya mshahara. Mama anayeuza supu na chapati Buguruni ana wateja wanaomjua tangu alfajiri. Wateja hao hawapakiwi kwenye lori. Fundi cherehani wa Temeke ambaye maharusi humfuata kwa jina lake atafika Mbeya akiwa fundi kama mafundi wengine, aanze kuonyesha kazi yake upya. Mwenye hisa kwenye kikoba anajua maana ya kutoka katikati ya mwaka kabla ya mgawo. Yupo anayemwosha mama yake mgonjwa kila Jumamosi. Hayo yote ni mali ya nyumba yenu, na aliyeitwa hana haki ya kuyaita mambo madogo kwa kuwa hayakuletwa na mwajiri. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kutamka mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Kama majaji waliiona kazi hiyo, mwenye kulishwa nayo kila siku aione mapema zaidi.

Wewe unayefuata nawe una wajibu wa adabu. Sema unachokitaka kwa maneno yanayosikika. Kunyamaza kwa wiki mbili, kisha kusema "wewe ndiye unayejua," ni kumwachia mwenzako lawama ya siku zijazo. Ukikubali, kubali kwa masharti uyaseme: nitakwenda, lakini nataka mtaji wa kuanzia, nitakwenda, lakini mtoto amalize darasa la saba hapa kwanza. Masharti yaliyosemwa wazi hayavunji heshima ya mtu. Na kama wewe ni mwalimu au muuguzi wa serikali, ombi la uhamisho wa kumfuata mwenza, pamoja na cheti cha ndoa, lipelekwe mapema kabla mwenzako hajaripoti. Barua za namna hiyo zina safari ndefu ofisini, na ni wengi waliotengana kwa kuchelewa kuandika.

Mtasikia ndugu wakisema kwamba mke humfuata mume, na mazungumzo yaishie hapo. Lakini hiyo si mila ya kila mtu hata kwetu. Lamu ya zamani, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, na mume ndiye aliyehamia. Wayao wa kusini nao wamekuwa na desturi ya mwanamume kwenda kukaa upande wa mke. Leo daktari, hakimu au ofisa wa halmashauri anayepewa uhamisho anaweza kuwa mwanamke, na mumewe ndiye mwenye duka la kuacha. Mume wa namna hii anahitaji ulinzi wa mkewe kuliko anavyokiri. Dada wa mume wasimwite kaka yao "aliyeolewa." Na mke asimtambulishe mbele ya wakubwa wake wa kazi kama mtu anayetafutiwa shughuli. Amtaje kwa kazi anayoijua, iwe ufundi wa magari au ukulima wa mboga.

Sasa mji wenyewe. Nendeni mkauone wawili, na mwende katika msimu wake mbaya. Kila mji una miezi ya kujipamba, na mgeni akifika katika miezi hiyo hudanganyika. Dodoma ya Februari ni ya kijani, zabibu zimo sokoni na hewa ni nyororo. Lakini mvua ya Dodoma, katika mwaka wa kawaida, haifiki milimita 600, na kuanzia Mei hadi Novemba huenda isinyeshe kabisa. Nendeni mwezi wa Oktoba, upepo ukipeperusha vumbi, muulize mtaani maji hutoka siku gani na nani ana kisima. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini watumishi wengi wamehamia tangu 2016, na mitaa imetanuka haraka kuliko mabomba. Mtu anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, upande wa mashariki, akipanga Nkuhungu atakuwa njiani asubuhi na jioni, na mwenzake nyumbani atamwona usiku tu. Ihumwa au Nzuguni humpunguzia njia, ila pimeni pia soko na zahanati viko umbali gani kwa miguu, maana anayefuata ndiye atakayetembea.

Mbeya iko juu, mita zipatazo 1,700, na Juni na Julai baridi yake huingia kwenye mifupa ya mtu aliyezoea Pwani. Mwenye pumu au mtoto mchanga aende akaijaribu baridi hiyo kabla ya kulipa kodi. Arusha ni mji wa neema, lakini maji ya baadhi ya maeneo chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, nayo huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia wasipopata maji mengine ya kunywa. Ulizeni chanzo cha maji ya mtaa huo hasa, si cha mji mzima. Tanga ni tulivu na ina bandari, ila utulivu huo huo humpa tabu mwenye biashara inayotaka watu wengi. Dar es Salaam ilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na anayehamia huko akapime Aprili, masika ikiwa kileleni, aone Jangwani na mabonde mengine yanavyojaa maji.

Mwanza nitaisema kwa sababu moja. Kwa mwenye wazazi Sengerema au Geita, ukaribu ulikuwa wa ramani tu, kwani kivuko kilimweka pwani ya ziwa akingoja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu anaweza kwenda kumwangalia mzazi na kurudi. Jambo la namna hiyo linaweza kuwa sababu ya kuchagua mji kuliko ukubwa wa mshahara. Vivyo hivyo kwa mwenye ugonjwa wa kudumu: choreni duara kuzunguka hospitali yake. Anayetibiwa moyo Taasisi ya Jakaya Kikwete, au saratani Ocean Road, asiambiwe ajitahidi kuzoea mahali pengine kabla daktari wake hajasema nani atampokea huko.

Mkifika kuutazama mji, anayefuata aongoze matembezi. Aliyeitwa ameshaona ofisi yake, na inatosha. Ingieni sokoni saa za watu wengi, kaeni kwenye kibanda cha chai, waulizeni wanawake bombani na vijana wa bodaboda. Wao watawaambia wapi kunaibiwa na wapi maji ya mvua huingia ndani. Mkifikia kwa ndugu, msigeuze sebule yake kuwa ofisi ya kutafutia nyumba kwa mwezi mzima. Chukueni mkononi kilo ya sukari na mchele, na siku zenu mziseme mkiwa bado mlangoni.

Juu ya fedha sitasema mengi, lakini haya matatu yamewagombanisha wengi. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Fedha hiyo ijulikane imetoka mfuko wa nani, na mkataba uandikwe majina yote mawili. Pili, tengeni fungu la anayefuata kabla ya kununua kochi jipya, na asilipwe kwa kuomba, apewe mkononi. Tatu, msiuze nyumba ya mlikotoka kwa haraka ya safari. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa inayochukuliwa lori likiwa nje ya mlango ina walakini mbele ya Mungu, hata kama wino umekauka.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni kukaa mbalimbali kwa muda usio na jina. Serikali ilipohamia Dodoma, nyumba nyingi ziligawanyika: mmoja huko, mwingine Dar es Salaam na watoto, na kati yao kilomita zipatazo 450. Kwa miaka watu walikwenda kwa basi Ijumaa na kurudi Jumapili usiku. Mwaka 2024 treni ya umeme ilifika Dodoma, na safari ile imekuwa ya saa chache. Ni neema kubwa. Ila nimeona neema hiyo ikigeuzwa kisingizio cha kutoamua. Mtoto anajua baba au mama huja na begi dogo, na huacha chaji ya simu ukutani bila kuitoa kwa kuwa ataondoka tena. Anayebaki huzoea kuamua peke yake mambo ya ada, homa na bomba lililopasuka. Akishazoea, mwenzake akirudi huonekana kama anaingilia. Kama hamna budi kutengana, wekeni tarehe ya mwisho, mwezi na mwaka, na muwajulishe watoto. Tarehe ikifika na hali haijabadilika, mmoja wenu aache kitu, na asidhaniwe tangu mwanzo kuwa ni yule mwenye mshahara mdogo.

Kuondoka nako kuna uungwana wake. Waambieni wazazi wa pande zote mbili katika wiki moja, ili upande mmoja usijione umepewa habari za jana. Mnakwenda kuomba baraka. Uamuzi ni wenu, kwa hiyo msimtume mama mkwe kumshawishi mwenzio. Lipeni deni la dukani kwa Mangi. Jitoeni kwenye kikoba kwa utaratibu wake. Wajulisheni jamaa wa msikiti au wa jumuiya, na majirani muwaage kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa sababu wao ndio waliowabeba siku ya msiba.

Na huko mnakofika, msingoje mjulikane. Nendeni wawili kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi, mkiwa na barua ya utambulisho kutoka mlikotoka, na yule asiye na kazi bado atajwe sawa na mwenye kazi. Ukitokea msiba mtaani wiki ya kwanza, nendeni, hata kama marehemu hamkumjua. Kaeni kwenye mkeka, toeni rambirambi kadiri ya uwezo, msaidie kuosha sufuria. Mtaa humpokea mtu kwa namna hiyo haraka kuliko kwa ziara yoyote ya chai.

Miezi ya mwanzo itakuwa mirefu kwa anayefuata. Atalalamika juu ya maji, vumbi, lafudhi za watu, bei ya samaki. Wewe uliyeitwa, meza neno "si ulikubali mwenyewe." Alikubali kuja, hakukubali kunyamaza. Mtambulishe kwa watu wawili watatu wasiohusika na ofisi yako, kisha umwache awe na rafiki zake ambao wewe huwajui vizuri. Nawe unayefuata, usiupime mji mpya kila jioni kwa mji wa zamani mbele ya watoto, kwani wao watauchukia kabla ya kuujua.

Mwaka ukitimia, kaeni tena kama mlivyokaa usiku wa kwanza. Mwulizeni aliyefuata kama biashara imesimama, kama ana mtu wa kumpigia simu akiugua, kama anataka kubaki. Akisema ndiyo, nunueni kiwanja kwa majina mawili. Akisema hapana, asitakiwe kuthibitisha mateso yake. Andikeni barua ya kuomba uhamisho mwingine, na safari hii yeye ndiye ataje mji wa kwanza.