Ustadi wa Kurithi ni Mali ya Nani?

Mtu aliyefundishwa kazi na wazee wake ana deni ambalo ni vigumu kulipima. Aifanyapo kazi ile kwa mikono yake akapata sifa, je, sifa hiyo ni yake peke yake, au ni ya ukoo uliomfunza? Swali hili haliwahusu wafinyanzi tu, lakini ufinyanzi waweza kutusaidia kulijibu.

Katika jimbo la New Mexico, nchini Marekani, wanaishi Wapueblo, wenyeji wa asili waliokuwako huko karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Katika kijiji chao kimoja, San Ildefonso, ndiko alikokulia Maria Martinez, mfinyanzi aliyefariki mwaka 1980. Kazi hiyo hakufundishwa darasani. Alikaa karibu na mwanamke mkubwa wa ukoo wake, Nicolasa Peña, akatazama, akaiga. Wafinyanzi wa huko hawatumii gurudumu. Udongo huchanganywa na jivu la volkeno, hukandwa, kisha husokotwa kama kamba na kupangwa duara juu ya duara hata chombo kikasimama. Kikikauka, husuguliwa kwa jiwe laini mpaka king'ae, na mama humwachia bintiye jiwe hilo. Wahenga wetu walisema, udongo uwahi ungali maji. Nao Wapueblo huwahi udongo na mtoto pia.

Hata hivyo, urithi haumkatazi mtu kuvumbua. Yapata mwaka 1919 Maria na mumewe, Julian, walifanikiwa kutengeneza vyombo vyeusi ving'aavyo, vyenye mapambo meusi yasiyong'aa. Weusi huo si wa kupakwa. Moto hufunikwa kwa samadi iliyosagwa, hewa hukosekana, na moshi hupenya katika udongo. Wageni walivipenda vyombo hivyo, wakataka jina la fundi liandikwe chini yake.

Hapo ndipo lilipozuka jambo la kutafakari. Desturi ya kijiji haikuwa na saini. Maria alianza kuandika jina lake, na kwa kuwa chombo chenye jina hilo kilipata bei kubwa, aliliandika hata katika vyombo vya wanawake wenzake ili nao wapate riziki.

Je, alitenda haki? Wako watakaosema kwamba alimdanganya mnunuzi, na hoja yao ina nguvu, kwa maana saini ni ushahidi. Wengine watajibu kwamba udongo ulikuwa mmoja, moto mmoja, na mafunzo mamoja. Chanda chema huvikwa pete, lakini chanda hakikui mbali na mkono.

Kwa maoni yangu, nia yake ilikuwa njema, lakini njia ile ilipungukiwa. Wenzake walipata fedha, lakini majina yao yalifichika. Na mfanyakazi anayelipwa bila kutajwa amepewa nusu tu ya haki yake. Njia bora imo katika vyombo vingine vya Maria mwenyewe. Vingi viliandikwa majina mawili, Marie na Julian, kwa sababu mke alifinyanga na mume akapamba. Baada ya Julian kufariki mwaka 1943, viliandikwa Marie na Santana, mke wa mwanawe. Kisha Maria na Popovi, mwanawe. Hapo mnunuzi aliambiwa kweli, na kila mkono ulipata heshima yake.

Basi ustadi wa kurithi ni amana. Aliye nayo ana haki ya kuitumia, kuiongeza na kuishi kwayo. Hana haki ya kuifungia, wala ya kusahau waliomkabidhi na wanaoshirikiana naye. Mwalimu na mwanafunzi hawana budi kujiuliza: kazi tunayoisifu kwa jina la mtu mmoja, imepitia mikono ya nani, na ni nani anayefundishwa leo ili aipokee kesho?