Wa Udongo au Udongoni?

Jioni moja, katika darasa la watu wazima hapa Rubondo, makazi ya Nakivale, tulikuwa tukifanya mazoezi ya kiambishi -ni cha mahali. Nilitoa mfano nilioudhania mwepesi: "Huenda uhai ulianzia udongoni." Nikaongeza kwamba ndivyo wadhanivyo baadhi ya wanasayansi. Mzee mmoja, fundi wa matofali kutoka Kongo, akafurahi: "Basi, Mwalimu, sayansi imeyakubali maandiko: mtu ni udongo." Kijana nyuma yake akanung'unika: "Kama sisi ni tope tu, utu wetu u wapi?" Giza lilikuwa likiingia, nikafunga daftari bila kujibu. Kimya kile kilinisumbua, kwani niliona neno moja likiwapoteza watu wawili, nami ni mwalimu wa maneno.

Tulitazame jambo lenyewe. Mwaka 1951 mwanafizikia John Desmond Bernal wa London alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi udongo wa mfinyanzi ulivyoweza kusaidia mwanzo wa uhai. Katika maji mengi ya kale molekuli zilitawanyika, zisikutane kwa urahisi. Mfinyanzi una tabaka nyembamba mno, na nyuso zake zina chaji ya umeme. Molekuli hunata hapo, hukaribiana, na huweza kuungana. Mwaka 1996 James Ferris na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba juu ya udongo uitwao montimoriloniti viungo vya RNA, molekuli ibebayo maagizo katika seli, huweza kushikana kuwa mnyororo wa viungo vipatavyo 50. Mwaka 2003 maabara ya Jack Szostak ilionyesha kwamba udongo huo huharakisha asidi za mafuta kujikunja kuwa vifuko vidogo mfano wa seli. Hata hivyo hakikuzaliwa kitu hai, na malighafi ilitayarishwa na wanasayansi wenyewe. Tena wako wataalamu wanaoona kuwa uhai ulianzia penye chemchemi za moto chini ya bahari.

Sasa turudi kwenye sarufi. Tukisema "chungu cha udongo", udongo ndio chungu chenyewe. Lakini mama akandaye unga juu ya kibao hatulishi kibao. Sehemu kubwa ya miili yetu ni oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni. Mfinyanzi umejengwa hasa kwa silikoni, alumini na oksijeni. Wanasayansi hawa hawasemi kwamba mtu ni wa udongo. Wasema huenda uhai ulianzia udongoni, kama mkate uanzavyo kibaoni. Maandiko nayo yanazungumza juu ya mtu na Muumba wake, jambo ambalo hakuna chupa ya maabara iwezayo kulipima.

Je, ni haki kumwondolea mzee furaha yake? Nilijiuliza sana. Lakini imani inayoegemezwa kwenye jaribio itayumba siku jaribio litakapopingwa, na mwalimu aliyeona nguzo hiyo ikisimikwa akanyamaza atakuwa na sehemu ya lawama.

Na kijana je? Hapa kwetu swali "Umetoka wapi?" limo katika kila fomu. Twajibu: Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia. Jibu hilo ni la kweli, wala halimwambii karani kama mtu huyo ni mwaminifu, mkarimu au mvivu. Ikiwa nchi ya mtu haipimi utu wake, itakuwaje upimwe na mahali molekuli zilipokutana mabilioni ya miaka kabla hajawa mtu yeyote?

Wiki iliyofuata niliyasema haya darasani. Kijana alicheka kidogo. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba imani yake haikuanzia kwangu. Nilimshukuru.

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Ndugu walimu, mimi nilichelewa wiki nzima.