Mjumbe Hauawi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Maana yake ni kwamba aliyetumwa hana hatia kwa maneno aliyopewa kuyapeleka. Kama ujumbe ni mbaya, aulizwe aliyeutuma. Kanuni hii ni ya haki, kwani bila yake hakuna mtu ambaye angekubali kupeleka habari za msiba au za vita. Lakini kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikijiuliza kama kinga hiyo inayastahili makampuni makubwa ya intaneti, ambayo ndiyo yanayotuletea habari siku hizi.

Mimi ni mkazi wa Chalinze, na Chalinze ni njia panda. Ukitoka Dar es Salaam ukafika hapa, barabara moja inaendelea Morogoro na Dodoma, na nyingine inakata kaskazini, inavuka mto Wami na kuelekea Segera, Tanga, Moshi na Arusha. Kwa miaka mingi gazeti lilitufikia kwa basi. Nakala moja ilisomwa na watu kumi kabla ya kufungiwa vitumbua. Gazeti hilo lilikuwa na kasoro zake, na mara nyingi liliwasifu wakubwa kupita walivyostahili. Hata hivyo lilikuwa na mhariri mwenye jina, na lilikuwa na anwani. Aliyeonewa alijua pa kwenda kulalamika.

Leo habari haisubiri basi. Kijana wa Lugoba au wa Miono anaipata simuni kabla hajanawa uso. Anayempelekea ni Meta, yenye Facebook na WhatsApp, au Google, yenye YouTube. Makampuni haya hayana mwandishi Miono. Yanabeba yaliyoandikwa na wengine, na kando yake yanauza matangazo. Mwaka 2024 Meta peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 160, karibu zote kutokana na matangazo. Nayo yakiulizwa juu ya uongo uliopitia kwao, hujitetea kwamba yenyewe ni njia tu, na sheria ya Marekani ya mwaka 1996 haiyahesabu kuwa wachapishaji wa maneno ya watu wengine. Kwa lugha yetu: mjumbe hauawi.

Hebu tulipime dai hilo kwa mizani ya kwetu. Katika karne ya 19 misafara iliondoka na kurejea Bagamoyo. Mpagazi alibeba pembe ya ndovu au bando la nguo, na hakuna aliyemlaumu kwa kilichokuwamo mzigoni. Lakini mwenye msafara alikuwa mtu mwingine kabisa. Yeye ndiye aliyeamua mzigo upi utangulie, njia ipi ifuatwe, na kipi kiachwe porini. Faida ilikuwa yake, na lawama pia ilikuwa yake. Swali basi ni hili: makampuni haya ni wapagazi, au ni wenye msafara?

Jibu limo katika matendo yao. Nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa mwaka 2021 na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kwamba tangu 2017 alama ya hasira iliyowekwa na msomaji ilihesabiwa mara tano ya alama ya kawaida ya kupenda, katika kuamua habari ipi isukumwe mbele. Baadaye kampuni yenyewe iliipunguza hesabu hiyo. Na Kanada ilipotunga sheria mwaka 2023 ya kuyataka makampuni hayo yawalipe wenye vyombo vya habari, Meta iliziondoa habari katika Facebook na Instagram kwa nchi nzima. Anayeweza kuchagua hasira itangulie, na anayeweza kuondoa habari za taifa zima, hawezi tena kudai kuwa ni mpagazi asiyejua alichobeba.

Wala jambo hili si la nadharia tupu. Novemba 2021, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, alipigwa risasi na kufa nje ya nyumba yake. Wiki chache kabla, Facebook ilikuwa imebeba maandishi yenye jina lake, picha yake na tuhuma ambazo familia yake inasema ni za uongo. Mwanawe anasema aliiomba kampuni iyaondoe, na haikuyaondoa kwa wakati. Desemba 2022 yeye na wenzake walifungua kesi Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza.

Afrika Mashariki imekwisha kuliona swali hili. Barabara ya kaskazini inayoanzia hapa Chalinze inafika Arusha, ambako mahakama ya kimataifa iliwahukumu watu wa redio RTLM iliyochochea mauaji ya Rwanda mwaka 1994. Rufaa ya mwaka 2007 ilimfutia Ferdinand Nahimana baadhi ya makosa. Lililobaki lilimbana kwa sababu moja: watangazaji walikuwa chini yake, alikuwa na uwezo wa kuwazuia, na hakuwazuia. Silinganishi kampuni na wauaji. Nachukua kanuni tu: mwenye uwezo wa kuzuia ana la kujibu.

Msomaji mwenye busara atanipinga. Atasema kwamba ukimpa mtu fimbo ya kumpiga mwongo, kesho atampiga nayo msema kweli. Ana haki ya kuogopa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa hapa nchini, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Tulinyimwa uongo na ukweli kwa pamoja, tukabaki kuulizana milangoni ni nani aliye hai. Kuziba njia si kupepeta nafaka.

Ninachodai mimi ni kitu kingine. Nadai kampuni iwe na mlango ambao mtu wa Msata anaweza kuubisha, akasikilizwa kwa Kiswahili, na akijibiwa vibaya aende mbele ya hakimu, si mbele ya waziri. Nadai iseme wazi kwa kanuni gani inapanga habari zetu. Nadai sehemu ya fedha za matangazo imfikie mwandishi anayepanda bodaboda kwenda kuuliza, maana bila yeye hakuna habari ya kubeba.

Nasi wasomaji tusijitoe. Kila anayesukuma ujumbe kwenda kwa jamaa zake naye amechagua mzigo, hata kama ni mdogo. Kabla hajausukuma ajiulize: nani atajibu kama si kweli?

Mjumbe hauawi, na asiuawe. Lakini mjumbe wa kweli alifikisha maneno yote kama alivyopewa. Anayechagua maneno, akayapanga kwa faida yake, ana neno lake mwenyewe ndani yake, na kwa neno hilo aulizwe.